Kumbukumbu Huingia kwa Milango Mitano

Aghalabu mwanafunzi akiambiwa atunge shairi juu ya siku asiyoisahau, hukimbilia huzuni, furaha na majonzi, akayapanga kwa vina sawasawa na mizani timamu, na msomaji akatoka mikono mitupu. Aibu hiyo si ya vina. Ni ya mtunzi aliyetaja jina la hisia asionyeshe kitu kilichoizaa.

Kosa hilo nami nililifanya kwa miaka mingi. Nilikuwa na umri wa miaka tisa tulipotoka hospitalini kumjulia hali mama, na baba akanipitisha Soko la Kenyatta. Kila nilipoitungia siku ile shairi, niliandika kwamba baba alihuzunika, na shairi likafa papo hapo. Hata adhuhuri moja nikarudi sokoni, nikapita baina ya vibanda vya wasusi, ambako wanawake watatu humzunguka mteja mmoja wakimsuka kwa vidole visivyotulia, kisha ncha za nywele zikatoswa katika maji moto, nikafika kwenye majiko ya nyama choma. Na moshi wa mafuta yadondokayo juu ya makaa uliponiingia puani, siku ile ikanirudia kwa taratibu yake: kisu kikigonga ubao. Chumvi iliyomwagwa pembeni kama kichuguu. Kitunguu cha kachumbari kilichonichoma macho. Na mkono wa baba, ukinisogezea mnofu baada ya mnofu, ilhali yeye hakutia kinywani hata kipande kimoja. Mama hakurudi nyumbani. Mkono ule ndio shairi, na neno huzuni halina kazi humo.

Wako wadaio kwamba arudhi yetu ni ya mawaidha na hikima, wala haina nafasi ya moshi na chumvi. Hayo siyakubali. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia bintiye utenzi wa wasia mwaka 1858, hakutosheka kumwambia amtii mume na kumpenda. Alimtajia ndevu za kutengenezwa na udi wa kufukizwa, na kwa sababu hiyo nyumba ya bintiye ingali hai mbele yetu. Tena mizani nane za mshororo wa utenzi, kwa ufinyu wake, humlazimisha mtunzi kuchagua kitu kimoja miongoni mwa mia, na kuchagua huko ndiko nusu ya sanaa.

Basi nawasihi walimu wetu: milango mitano ya fahamu itangulie, vina vifuate. Mtoto aletapo shairi la siku yake, kabla ya kuhesabu mizani, aulizwe kwa upole chumvi ilikuwa upande gani wa ubao, na ni nani ambaye hakula.