Mtoto wa paka nyumbani mwako ni amana

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, huku Mgeta, katika milima ya Uluguru, kila mwenye kuhifadhi mahindi na maharage anaijua thamani ya paka. Lakini paka huyo akizaa, wapo wanaowagawa watoto wake kabla hawajajua kula, na wapo wanaowatia kirobani wakawatupe kando ya mto.

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Tuzingatie kwamba alikuwa na milango miwili ya kuepukana na dhambi: kulisha au kuachia. Kwa mtoto wa paka anayenyonya, mlango wa pili umefungwa, kwani kumwachia ni kumuua. Basi aliyemtenga na mama yake amejitwika wajibu wa kumlisha.

Lililo bora ni kumwacha kwa mama yake hadi wiki ya nane. Akiwa yatima, kwanza apatiwe joto, kwani usiku wa huku ni baridi, na mtoto aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula. Maziwa ya ng'ombe mara nyingi humharisha. Aulizwe ofisa mifugo yapi yanamfaa. Anyweshwe akiwa kifudifudi, kamwe si chali, asije akapaliwa. Ifikapo wiki ya nne, dagaa wachemshwe bila chumvi, wapondwe, walainishwe kwa maji ya vuguvugu na kuwekwa katika kisahani. Asilazimishwe, apakwe kidogo mdomoni, ajifunze kulamba. Maji yapunguzwe siku hadi siku. Ugali mtupu haumtoshi, kwani paka ni mla nyama.

Atasema mtu: watoto wetu wenyewe hawajashiba, vipi tumhangaikie paka? Hakuna aliyeamrishwa kumpa paka riziki ya mwanawe. Dagaa wachache wanatosha, na mtoto anayemwona mzazi wake akimvumilia kiumbe dhaifu hujifunza huruma ambayo kesho atamrudishia mzazi huyo uzeeni. Abu Qatada (R.A.), akimiminiwa maji ya kutawadhia, alikiinamisha chombo ili paka anywe kwanza.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kurehemu. Amin.