Nani Mwenye Kuta Zetu?

Mtu asafiriye kati ya Bariadi na Binza, katika Mkoa wetu wa Simiyu, hana haja ya kuuliza ni kampuni zipi za simu na za soda zifanyazo biashara nchini. Kuta zitamwambia. Duka moja ni jekundu kutoka msingi hadi paa, la pili ni la buluu, la tatu la manjano. Na juu ya kila moja limeandikwa jina la bidhaa kwa herufi kubwa kuliko jina la mwenye duka. Mwenye duka amefurahi, kwani amepakiwa rangi bure. Kodi ya ukuta wake hakuidai, na aghalabu hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kuidai.

Lakini msafiri huyo akishuka na kutembea kwa miguu, ataona kuta za namna nyingine. Kwa kinyozi kuna vichwa vitatu vya vijana walionyolewa vizuri. Kwa mama lishe kuna sahani ya wali na samaki. Na penye duka la dawa za mifugo pamechorwa ng'ombe. Hapo twapenda kusimama kidogo, maana ng'ombe yule si kazi ndogo. Mchoraji achoraye ng'ombe Usukumani amejipeleka mwenyewe mbele ya mahakama iliyo kali kuliko zote, kwa kuwa kila apitaye amelelewa malishoni. Pembe zikipinda visivyo, au nundu ikikaa nyuma mno, watu watacheka mchana kutwa na mwenye duka atadai fedha yake. Ng'ombe akiwa sawasawa hapana atakayesema neno, na huo ndio ushindi wa mchoraji. Jina lake halimo ukutani.

Twayaandika haya kwa sababu wapo ndugu zetu wengi, hata miongoni mwa viongozi, wadhanio kwamba sanaa ya kisasa ni jambo la Dar es Salaam na la wageni. Wamesikia habari za Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambako wachoraji hupata vyumba vya kufanyia kazi. Pengine wamewasikia na vijana wa kundi la Wachata, wachorao kuta za mji ule kwa rangi ya kopo la kupuliza. Yote hayo ni mema. Lakini kusema kwamba huku kwetu hakuna kitu ila pamba na ng'ombe ni kutoijua nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1953 kilichapishwa London kitabu cha Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kitabu chote kilihusu michoro ya kutani iliyofanywa na Bayeye, yaani chama cha wacheza nyoka na waganga wa sumu ya nyoka wa Usukumani. Bayeye walikuwa na nyumba zao za mafundisho, na kuta za ndani walizichora watu, nyoka na mizimu kwa rangi za kienyeji, ili mwanachama mpya ajifunze habari za chama kwa macho pamoja na masikio. Tuangalie jambo hili vizuri. Wasukuma walikuwa na chama chenye kanuni, chenye wanafunzi, na chenye kuta zilizochorwa kwa ajili ya elimu, kabla hajatokea mtu wa kutuambia neno sanaa. Nasi tukaja kulisoma jambo hilo katika kitabu cha mgeni, kilichochapwa Ulaya. Wengi wetu, tulipokuwa shuleni, tulifundishwa kuchora kwa kunakili kikombe kilichowekwa juu ya meza ya mwalimu.

Si kwamba mgeni siku zote alikuja kuchukua. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada alishirikiana na wenyeji kuanzisha Makumbusho ya Wasukuma, na jengo mojawapo likajengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Huo ni usanifu wa majengo uliotoka katika fikra za hapa hapa. Twauliza: tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, tumejenga ofisi ngapi, na ngapi kati yake zingeweza kumwambia mgeni kwamba yuko Bariadi, wala si Morogoro au Lindi?

Sasa tuje kwenye ujira, maana hapo ndipo penye shauri hasa. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, alikuwa kibarua kama vibarua wengine. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akafanya kazi za nyumbani na bustani Dar es Salaam. Miaka ya mwisho ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya mbao laini za dari, kwa rangi ya kupakia baiskeli, kwa sababu vitu hivyo ndivyo alivyovimudu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji, na picha zake hununuliwa ng'ambo kwa fedha ambazo yeye hakupata kuziona. Waliobaki baada yake, ndugu zake na wanafunzi wake, walijifunza somo, wakaungana, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Twawasifu kwa hilo. Walitambua kwamba mchoraji aliye peke yake barabarani hukubali bei yoyote anayotajiwa.

Wafanyakazi wa Mexico walilitambua jambo hilo mapema zaidi. Baada ya mapinduzi yaliyoanza huko mwaka 1910, Waziri wa Elimu José Vasconcelos aliwapa wachoraji kuta za majengo ya serikali, na mwaka 1922 wachoraji na wachongaji wakaunda chama chao cha wafanyakazi, wakijihesabu kuwa mafundi pamoja na mafundi wengine. Kuanzia mwaka 1923 Diego Rivera alichora katika jengo la Wizara ya Elimu wachimba madini, wakulima, walimu wa vijijini na sikukuu za watu wa kawaida, na kazi hiyo ikaendelea hadi mwaka 1928. Karibu nasi zaidi, mjini Maputo, uko ukuta mrefu kwenye Uwanja wa Mashujaa uliochorwa habari za ukombozi wa Msumbiji. Nchi zile hazikuwa tajiri. Ziliamua tu kwamba ukuta wa umma hauna budi kusema habari za umma.

Tunajua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba madawati hayatoshi, zahanati zinangoja dawa, na ninyi mwaleta habari za picha. Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama majengo yetu yasingepakwa rangi kabisa. Lakini yanapakwa! Fedha ya rangi imo katika gharama za kila darasa na kila zahanati. Shule nyingi za msingi zimekwisha kuchora ramani ya Tanzania na mwili wa binadamu ukutani, ili watoto wajifunze, kama Bayeye walivyofanya. Kwa hiyo hatubishani juu ya kutumia fedha au kutotumia. Twauliza ni nani apewaye kazi, kwa mkataba gani, na kwa bei ya nani.

Sheria imekwisha kufungua mlango. Katika ununuzi wa umma, asilimia 30 imetengwa kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023, ilirudishwa mwaka 2024. Vijana wanaochora kwa kinyozi na kwa mama lishe wakiandikisha kikundi, wanaweza kuomba kazi ya kuta za shule kama kikundi kingine kinavyoomba kushona sare. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mchoraji haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyefanya kazi yake. Ni wangapi kati yao waliopata kuelezwa hayo? Maofisa utamaduni wa wilaya wako kazini, na kueleza sheria hakuhitaji fungu jipya la fedha.

Wachoraji nao tusiwabembeleze. Vile vichwa vitatu vya kinyozi mara nyingi vimenakiliwa kutoka kwenye simu, na ni vichwa vya Wamarekani. Aliyeweza kumchora ng'ombe wa Kisukuma akawanyamazisha wachungaji hakosi uwezo wa kumchora kijana wa Bariadi. Nasi wa chama hatuna mikono mitupu. Kila ufikapo uchaguzi hubandikwa mabango juu ya kuta za watu, mengine juu ya picha zilizomgharimu mtu siku mbili za kazi, na uchaguzi ukiisha mabango huachwa yakichanika kwa mvua. Matawi yetu yanayo gundi na ngazi. Yawe na ndoo ya maji na brashi vilevile, na mwenye ukuta aombwe ruhusa kabla ya karatasi ya kwanza.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai, na makisio hujadiliwa miezi kadhaa kabla. Twawaomba madiwani wa Binza na wa Bariadi waulize swali moja katika kikao hicho: katika madarasa yatakayojengwa, kazi ya rangi na ya kuchora zana za kufundishia ukutani atapewa nani? Wakiambiwa kwamba hapa wilayani hakuna mafundi wa namna hiyo, wawachukue watoa majibu hao hadi penye duka la dawa za mifugo, wakamtazame ng'ombe.