Marafiki wa Makumbusho
Wapo wanaodhani marafiki wa makumbusho hukutana kunywa chai na kupiga soga tu. Kenya Museum Society, iliyoanzishwa mwaka 1971, inaonyesha vingine: wanachama hulipa ada, husikiliza mihadhara, hufunga safari pamoja, na mapato huyasaidia Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Maonyesho yake ya sanaa ya bei nafuu jijini Nairobi humkutanisha mchoraji na mnunuzi wa kipato cha kawaida. London, chama cha National Art Collections Fund kiliundwa mwaka 1903, na kufikia 1906 kilikuwa kimechangisha pauni 45,000 kuinunulia National Gallery mchoro wa mchoraji Velázquez uitwao Rokeby Venus. Mhadhara mzuri ndio huamsha moyo huo wa kutoa. Mtu akishaonyeshwa jinsi Velázquez alivyouchora uso wa Venus kiooni ukiwa na ukungu, hautambuliki vizuri, hawezi tena kuupita mchoro ule bila kusimama. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hazikosi wapenzi wa sanaa. Makumbusho ya miji hiyo yawafungulie kumbi angalau jioni moja kwa mwezi, na wachoraji watakaoalikwa kuzungumza walipwe.