Kabla ya kununua kompyuta ya gari, ulizia namba ya siri

Gari likigoma kuwaka, nyanya hazisubiri. Wenye magari wengi hukimbilia kompyuta ya injini iliyotumika kwa kuwa bei yake ni nafuu. Tatizo ni kwamba magari mengi ya Japani na Ulaya yanayoingia Afrika Mashariki yana kinga ya wizi: injini haifanyi kazi hadi mfumo utambue namba ya siri ya chipu iliyo ndani ya ufunguo. Kompyuta iliyotoka gari jingine haiujui ufunguo huo.

Kompyuta ya zamani isitupwe, kwani fundi mwenye mashine huweza kuhamisha namba zake. Ikishindikana, wakala wa mtengenezaji huweza kuzitafuta kwa namba ya chasisi, akionyeshwa kadi ya gari. Fundi aulizwe kwanza, ndipo fedha zitoke. Kifaa cha bei nafuu kisichowasha gari ni hasara.