Saksofoni ipo, ridi haipo
KAUZIBE, na Mzee Kisirani

Jumanne nilikuwa Kariakoo kutafuta nyuzi za gitaa za mpwa wangu, yule anayetaka kuwa mwanamuziki kabla hajamaliza kudaiwa ada. Duka lenyewe silitaji. Mwanasheria wa gazeti hili siku hizi hanisalimii, ananiuliza tu wiki hii nimemtukana nani. Ni duka kubwa, lina kiyoyozi, spika zimepangwa mpaka darini, na vinanda vimewashwa vyote kwa mpigo, kila kimoja na mdundo wake. Nyuzi nilizipata kabla sijamaliza kutamka. Zipo za chuma, za nailoni, zipo hata za rangi, sijui za kumfurahisha nani. Na ukutani, nyuma ya kaunta, zimetundikwa saksofoni mpya zinazometameta, kila moja na kibandiko cha bei ambayo ingetosha kuanzia msingi wa nyumba.

Akaingia kijana na begi la saksofoni ya tena mgongoni. Akaomba ridi.

Ridi, kwa msomaji ambaye maishani hajapuliza kitu zaidi ya chai ya moto, ni kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye kidomo cha saksofoni au klarineti. Ukipuliza kinatetema, na mtetemo huo ndio sauti. Shaba yote ile unayoiona kazi yake ni kuipokea. Bila ridi, saksofoni ya mamilioni ni bomba lenye vitufe.

Binti wa kaunta akainama, akapekua, akaibuka na kiboksi kimoja kilichofunguliwa zamani. Ndani mna vipande vitatu, vyote vya alto. Kijana akamwambia kwa upole kwamba yeye anapiga tena. Binti akashangaa: "Si zote saksofoni, kaka?" Si zote. Ridi ya tena ni pana zaidi, na ukifunga ya alto kwenye kidomo cha tena, utapuliza mpaka mishipa ya shingo isimame na utakachotoa ni upepo.

Kijana akakumbuka kwamba mwenzake kwenye bendi anapiga alto, naye hana. Akachukua kipande cha kwanza, akakitia mdomoni, akakifyonza, akakitoa, akakiinua kwenye taa na kukitazama kwa jicho moja. Akatikisa kichwa, akakirudisha kwenye boksi. Cha pili vivyo hivyo: mdomoni, kwenye taa, kwenye boksi. Cha tatu hakukigusa, maana hata mimi niliyesimama pembeni niliuona ufa. Binti akafunga boksi na kulirudisha mahali pake, akanigeukia na tabasamu: "Baba, na wewe unataka kujaribu?"

Nikamwuliza kama wateja wote hujaribu namna ile. "Wote," akasema, na akalisema kwa fahari ya huduma bora.

Mimi si mtu wa kinyaa sana. Nimekula mihogo ya stendi na kunywa maji ya kandoro nikiwa na mikono ya gereji. Lakini pale nilisimama nikihesabu midomo yote ya Dar es Salaam iliyopita kwenye ridi zile, na nikajikuta napangusa ya kwangu kwa leso.

Binti hana kosa. Mwenye kosa ni tajiri wake, ambaye ana akili ya kujaza kontena zima la vyombo kule Guangzhou na hana akili ya kutia kwenye kona ya kontena hilo katoni moja ya ridi. Anauza kibiriti bila njiti, kisha anakuuliza kama ungependa na risiti.

Nje nilimkamata yule kijana chini ya mwavuli wa muuza miwa. Nikamwuliza basi ridi huwa ananunua wapi. Akacheka. "Mzee, hatununui. Tunaagiza kwa mtu." Mtu gani? Mtu yeyote anayesafiri. Dada wa jirani anayefuata nguo Dubai. Mzungu wa kujitolea anayerudi kwao na akaahidi kurudi. Padri. Kwa kifupi, duka la ridi la jiji hili la mamilioni ya watu ni begi la mtu, na halina kibao wala saa za kufungua. Mwenye begi akiahirisha safari, harusi zenu za mwezi huo zinapigiwa ridi iliyokufa.

Akanionyesha yake. Anaihifadhi kwenye kasha la miwani, imefungwa kwa kitambaa. Upande wa chini ina madoa meusi ya ukungu. Ncha, ambayo inapaswa kuwa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, ilimeguka pembeni tangu mwezi wa Ramadhani, basi akaipunguza kwa wembe. Kuipunguza kukaifanya iwe ngumu, ikabidi aikwangue tumboni kwa msasa laini, kidogo kidogo, anapuliza, anakwangua, anapuliza. Akikosea mkwaruzo mmoja, kwisha habari. Wapigaji wa kwingine huwa na ridi tatu nne za zamu, leo hii inapiga, kesho inapumzika ikauke. Huyu anayo hiyo moja, na Jumamosi ana harusi mbili.

Pale Paris, rue Lepic, kuna nyumba ya Vandoren, ambako mpigaji anaingia akachagua ridi yake mpya, anatoka na heshima zake. Kampuni hiyo haikuanzishwa na tajiri wa makontena. Aliyeianza mwaka 1905 ni Eugène Van Doren, mpiga klarineti wa Opera ya Paris, aliyekuwa akijichongea ridi zake mwenyewe, wenzake wakazitamani. Mwanzi wanautoa kusini mwa Ufaransa, mkoa wa Var, unakatwa wakati wa baridi, unaanikwa juani mpaka ugeuke rangi ya dhahabu. Wamarekani nao wana za kwao, na Wakanada wa Légère wanatengeneza za plastiki zisizojua kuoza. Zote hizo zinaingia kwenye bahasha. Ridi haina betri, haivuji, haivunji sheria ya uwanja wa ndege wowote ninaoujua.

Sasa kabla msomaji wangu mzalendo wa Kigamboni hajachukua kalamu: najua, matete yapo tele Ruvu. Lakini tete la Ruvu si mwanzi ule. Na hata ukiupanda wenyewe, unausubiri ukomae miaka miwili, ukaukaushe, ndipo uanze kuchonga kwa vipimo ambavyo jicho halivioni. Anayeweza na aanze leo, nitamwandikia safu nzima ya kumsifu. Mpiga zumari wa Pwani ndiye pekee anayetucheka, kwa sababu ulimi wa zumari lake anaukata mwenyewe kwenye jani la jamii ya mnazi, na hajawahi kumsubiri mtu uwanja wa ndege. Ila Jumamosi hii harusi yenu haikumwita yeye.

Watu husema kinanda ndicho kilichoua midomo ya bati kwenye bendi zetu za dansi. Wanasema hivyo kwa sababu kinanda hakina wa kukitetea. Mimi nasema walioua ni wenye maduka. Yatazameni matarumbeta ya harusi yanapopita Shekilango juu ya pikapu: tarumbeta mstari mzima, tromboni, ngoma kubwa, na saksofoni moja imejibanza nyuma. Mnadhani vijana hawaipendi? Tarumbeta inataka midomo tu, na midomo haiagizwi Dubai. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyeipatia saksofoni hataza Paris mwaka 1846, aliijenga kwa shaba lakini akaitia ridi, na tangu siku hiyo ikahesabiwa ukoo mmoja na klarineti. Huku kwetu ukoo huo umeachwa ufe kwa kiu mbele ya kaunta.

Shemeji yangu wa Tabata, mwenyekiti wa maisha wa kamati za harusi, mnamfahamu. Ndiye aliyepitisha keki yenye ngazi na maporomoko ya maji, kisha akamkata mpiga saksofoni nusu ya malipo kwa kuwa "alikoroma" wakati wa kuingia maharusi. Wiki ijayo anakwenda Dubai kufuata vitambaa vya mapambo. Nimemwomba aniletee boksi moja la ridi za tena, namba mbili na nusu (ndio ugumu wake), zimo tano tu, hazina uzito. Akaandika kwenye simu yake kwa makini, halafu akaniuliza huyo mtoto ana miaka mingapi, maana namba mbili na nusu ni kiatu kidogo sana.