Saa si kipimo, jamani!

Nimechoka na mapishi yanayosema "bega la nguruwe, saa sita kwenye moshi, basi." Saa sita za jiko gani? Jiko dogo la makaa si oveni. Upepo ukivuma kidogo, moto unabadilika. Kuhesabu saa ni sawa na kusema programu iko tayari kwa sababu leo ni Ijumaa!

Pima, ndugu msomaji. Makaa upande mmoja, nyama upande wa pili, funika, tundu la mfuniko likae juu ya nyama. Joto la jiko libaki kati ya nyuzi 110 na 125 za Selsiasi. Nyama yenyewe ikikaribia 70, joto lake litagoma kupanda, pengine kwa saa kadhaa. Hapo ndipo wahesabu saa huongeza makaa na kuiunguza, au huipakua, wageni wakatafuna mpira. Kumbe ni unyevu unaokauka juu ya nyama na kuipoza, kama jasho. Vumilia hadi 95, uichambue kwa uma.

Kipimajoto ni rahisi kuliko bega lililoharibika. Kanunue, halafu tubishane.