"Wa kwanza huchelewa" si matibabu

Leo sinyamazi, hata mkiniita mjuaji.

Dadangu alishikwa na uchungu wa kifungua mimba wake Ijumaa jioni. Jumamosi mchana bado alikuwa leba wodi, hata kuongea hawezi. Kila tukiuliza, jibu ni lile lile: "Wa kwanza huchelewa, mwambieni ajikaze." Mtoto alitoka bila kulia, akakimbizwa kwa oksijeni. Alipona, tunashukuru Mungu. Lakini ile karatasi ya kufuatilia uchungu, patografu, ilikuwa na saa sita nzima ambazo hakuna mtu aliandika kitu.

Sawa, wa kwanza huchelewa kweli. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema mama wa kwanza akishafunguka sentimita 5, anaweza kuchukua hata saa 12 kufika 10, na kusukuma kunaweza kufika saa 3. Ile kanuni ya zamani ya sentimita moja kila saa, wakasema haiwezekani kwa wanawake wengine. Kwa hivyo msinisingizie eti nataka kila mtu apasuliwe. Kumpasua mtu ati kwa sababu tu saa imesonga, hiyo nayo ni kosa.

Ninachokataa ni uchungu mrefu usioangaliwa. Mwongozo huo huo unataka mapigo ya moyo ya mtoto yasikilizwe kila dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 mama akisukuma. Manake kichwa kikikwama, mtoto anaweza kukosa hewa. Mfuko wa uzazi ukichoka, mama anavuja damu akishazaa. Nyama za ndani zikibanwa muda mrefu zinakufa, na hapo ndipo fistula inatoka. Haya yote huanza polepole, na mtu anayeangalia huyaona mapema.

Najua mtasema manesi ni wachache. Ni kweli, na nesi mmoja hawezi kuwa kwa vitanda vyote. Lakini hiyo si deni la mama aliye kitandani. Afya iko mikononi mwa kaunti, basi magavana waulizwe manesi wako wapi.

Na wewe ukisindikiza mtu, usiuliza tu "bado?" Uliza: amefunguka ngapi? Aliangaliwa mwisho saa ngapi? Moyo wa mtoto unapiga vipi? Wakikuita msumbufu, itikia, halafu uliza tena.